Majuma Kumi na Mawili ya Kwanza: Mazungumzo Juu ya Mama Anayembebea Mwingine Mimba

(Yalitolewa katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, ukumbi wa chakula wa shule. Yamechapwa hapa kwa ombi la Mhariri.)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya "Sayansi na Jamii", kichwa ambacho ndani yake lingeweza kugeuza lori. Nimekipunguza. Leo nitazungumza juu ya jambo moja tu: mwanamke anayepandikizwa mimba ya watu wengine, na namna anavyopaswa kuangaliwa katika majuma ya mwanzo.

Naona baadhi ya wazee wanatazamana. Naomba mnivumilie. Mwaka jana wenzetu wawili wa Chama hiki, kila mmoja kwa siri yake na bila kujua habari za mwenzake, walinijia kuniuliza jambo lile lile. Mmoja mkewe aliondolewa kizazi baada ya kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Wa pili mkewe ana ugonjwa wa moyo, na madaktari wamemkataza kubeba mimba. Wote wawili wameambiwa kwamba siku hizi yai la mke na mbegu ya mume vyaweza kukutanishwa maabara, na mimba ikabebwa na mwanamke mwingine. Wakaniuliza gharama. Wakaniuliza sheria inasemaje. Waliuliza na mtoto atafanana na nani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: baada ya mwanamke yule kupandikizwa, nani atamwangalia, wapi, na kila baada ya siku ngapi?

Mimi si daktari. Nilitoka hapa na cheti changu cha Kidato cha Sita mwaka 2000, nikaenda Mlimani kusoma takwimu, na tangu hapo nimekuwa mtumishi katika ofisi za mipango, kwanza Temeke, kisha Kinondoni. Kazi yangu ni majalada. Lakini taarifa za kliniki za wajawazito zimepita nyingi mezani pangu, na kabla ya kusimama hapa nimekaa na mkunga mmoja mzoefu na madaktari wawili, nisije nikawapotosha.

Waliosoma Bayolojia katika chumba kile chenye mifupa kabatini watakumbuka mchoro wa mirija miwili ya uzazi, imetanda ubaoni kama pembe za ng'ombe. Kwa desturi yai hukutana na mbegu ya kiume ndani ya mrija, likarutubika, kisha likasafiri siku kadhaa mpaka kwenye mfuko wa uzazi. Katika njia hii mpya kukutana huko hufanyika maabara. Kinachopatikana huitwa kiinitete, nacho hulelewa humo siku tatu au tano. Baadaye daktari hukivuta kwa mpira mwembamba na kukiweka ndani ya mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyekubali kubeba. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwa kawaida haihitaji hata dawa ya usingizi. Magazeti humwita mwanamke huyo mama mbadala. Mimi nitamwita mbeba mimba, maana jina hilo linasema wazi kazi anayoifanya.

Msidhani jambo hili liko Ulaya na Marekani peke yake. Uganda walipata mtoto wao wa kwanza wa njia ya maabara mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Hapa kwetu, huko Bunju, Wilaya ya Kinondoni, Hospitali ya Kairuki ina kituo chake cha kupandikiza mimba. Huduma imefika barabara ya Bagamoyo. Sasa inabidi na maarifa yafike.

Nianze na kisa kimoja cha kweli ambacho nadhani kila anayefikiria njia hii angepaswa kukijua. Wakati huo Waingereza wawili, Patrick Steptoe aliyekuwa daktari na Robert Edwards aliyekuwa mwanasayansi, walikuwa wamehangaika miaka mingi bila mafanikio. Mwaka 1976 waliandika katika jarida la Lancet kwamba hatimaye mimba imeshika. Kiinitete walikuwa wamekiweka ndani ya mfuko wa uzazi. Lakini mimba ilipotazamwa, ilikuwa kwenye mrija! Ikabidi iondolewe. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Julai 1978, ndipo alipozaliwa Louise Brown katika mji wa Oldham, na dunia nzima ikasikia habari za "mtoto wa chupa". Watu wanamkumbuka Louise. Mimba ile ya mwanzo imesahauliwa, nayo ndiyo yenye somo kwetu leo. Kuweka kiinitete mahali pake si hakika kwamba kitakaa mahali pake. Chaweza kuteleza kikarudi mrijani, kikajishikiza huko na kukua, na mrija hauna nafasi ya kukuza mtoto. Hupasuka. Mwanamke huvuja damu tumboni, ndani kwa ndani, wala nje usione kitu kikubwa.

Mtu akasema: basi atajijua mwenyewe, kwani wanawake hawajui dalili za mimba? Hapo ndipo penye mtego. Mama zetu walitambua mimba kwa kukosa siku zao, kwa kichefuchefu, kwa matiti kuuma. Kwa mbeba mimba alama hizo zote hazitegemeki. Kabla ya kupandikizwa huandaliwa kwa dawa za homoni, na baada yake huendelea nazo. Dawa hizo zenyewe huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya matiti hata kama hakuna mimba. Tena zaweza kuzuia damu ya mwezi isitoke ingawa mimba imekwisha kufa. Mwanamke aweza kukaa majuma matatu akijiona mjamzito kumbe sivyo, au akajiona salama kumbe mimba iko mrijani. Mwili wake umefungwa mdomo na dawa. Ndiyo maana lazima damu ipimwe.

Kipimo cha kwanza hufanywa kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kupandikizwa. Hutafutwa homoni ambayo mimba yenyewe huimwaga katika damu ya mama. Ni homoni hiyo hiyo inayotafutwa na kile kijiti cha mkojo kinachouzwa maduka ya dawa, ila kijiti husema ndiyo au hapana tu, na damu husema ni kiasi gani. Halafu kipimo hurudiwa baada ya saa 48. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Katika majuma ya mwanzo, mimba inayokwenda vizuri huongeza homoni hiyo karibu mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Ikipanda kwa kujikokota, au ikisimama, daktari hupata shaka: ama mimba inaharibika, ama imeshika nje ya mfuko wa uzazi. Nimesikia habari za watu waliochinja mbuzi kwa namba ya kwanza. Mbuzi angesubiri altrasaundi.

Altrasaundi hufanywa kati ya juma la 6 na la 7. Hutazamwa mambo matatu: mimba iko wapi, ziko ngapi, na moyo unapiga au haupigi. Hilo la "wapi" ndilo la kwanza, na hata ikionekana moja ndani ya mfuko wa uzazi mpimaji hodari huangalia na pembeni, maana viinitete viwili vikiwekwa yaweza kutokea kimoja kikakaa nyumbani na cha pili kikapotelea mrijani. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya taabu za mapacha kwa jumla, madaktari wengi siku hizi hupendelea kuweka kiinitete kimoja tu kwa mbeba mimba. Najua tamaa ya wazazi waliongoja miaka kumi: wanataka wawili kwa safari moja, kwa gharama moja. Shinikizo la damu na kuzaa kabla ya wakati vitampata mwingine, si wao.

Sasa niwape hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii nimeiona ikiandikwa vibaya kwenye kadi. Mjamzito akienda kliniki huulizwa tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na umri wa mimba huhesabiwa kutoka hapo. Mbeba mimba akitaja hedhi yake, jibu laweza kuwa si sahihi, kwani mwezi wake ulipangwa na dawa. Kanuni ni kwamba, kama kiinitete kilikuwa cha siku tano, unarudi nyuma siku 19 tangu siku ya kupandikizwa. Tuseme alipandikizwa tarehe 1 Machi, mwaka usio mrefu. Kwenye kadi iandikwe 10 Februari. Siku ile ya kupandikizwa tayari mimba huhesabiwa kuwa na majuma mawili na siku tano. Juma la 6 linatimia tarehe 24 Machi, juma la 12 linatimia tarehe 5 Mei, na mtoto atarajiwe kama tarehe 17 Novemba. Vijana wa Kidato cha Kwanza wanaweza kuikagua hesabu hiyo sasa hivi. Kosa la majuma mawili hapa laweza kumfanya mpimaji aseme "sioni moyo" kwa mimba ambayo bado haijafika umri wa moyo kuonekana.

Na zile dawa. Mwanamke aliyeshika mimba kwa njia ya kawaida, mahali lilipotoka yai lake ndipo hutengeneza homoni ya projesteroni inayoishikilia mimba mpaka kondo la nyuma lipate nguvu. Mbeba mimba aliyeandaliwa kwa dawa, mara nyingi mwili wake haukutoa yai mwezi ule. Hana akiba hiyo. Projesteroni yote inatoka katika sindano au vidonge vya kuweka ukeni, kila siku, kwa kawaida mpaka juma la 10 au la 12, na ni daktari peke yake wa kusema basi. Nayaeleza haya kwa sababu ya fedha. Dawa hizo zikinunuliwa kwa mafungu, leo za siku tano, keshokutwa tutaona, siku moja fungu litachelewa. Anayetaka mtu ambebee mimba anunue dawa za majuma yote kabla ya siku ya kupandikiza, zikae nyumbani kwa mbebaji.

Kuna na desturi moja ya kuondoa. Baadhi ya familia humlaza mbeba mimba kitandani majuma mawili, asifagie, asitoke, eti kiinitete kisianguke. Madaktari wameliangalia hilo, na hawakuona kwamba kulala kunaongeza bahati ya mimba kushika. Mwache atembee, aende sokoni, akae na wanawe.

Nimesema wanawe, kwa kuwa sharti mojawapo la kawaida la kuchagua mbeba mimba ni kwamba awe amekwisha kuzaa salama. Basi mtu huyu ni mama wa watu. Hilo linanileta kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Mtaani kwetu Mbagala, nilipokuwa naishi huko, palikuwa na jirani yetu, mama wa watoto wawili, muuza vitumbua. Usiku mmoja mke wangu aliniamsha: "Baba Neema, washa gari. Dada wa vitumbua kaanguka uani." Tulimkuta amekaa chini, ameegemea ndoo, amelowa jasho, analalamika tumbo upande mmoja na, ajabu, bega. Alikuwa ametoka zahanati moja jana yake. Huko aliulizwa kama ni mjamzito, akasema hapana. Akapewa dawa za malaria akarudi nyumbani. Ndani ya gari mke wangu alimshika mkono akamwuliza polepole: "Dada, niambie mimi. Una mimba?" Akanyamaza mpaka tukakaribia hospitali. Kisha akasema, "Ninayo, Mama Neema, ila si yangu. Niliapa nisimwambie mtu."

Ilikuwa ni juma la 7. Mimba ilikuwa mrijani na mrija ulikwisha kupasuka. Alipasuliwa usiku ule ule, akaongezewa damu, na nashukuru Mungu yu hai. Mapokezi waliniuliza, "Wewe ni nani wake?" nikajibu jirani. "Mwenye mimba yuko wapi?" Swali la kawaida kabisa, ila mimi nilishindwa kulijibu. Wenye mimba walikuwa mkoa mwingine, simu imezimwa, ni saa nane za usiku, na mtu mwingine yeyote aliyejua habari hiyo hapakuwapo. Alipozinduka jambo la kwanza alilouliza ni kama atatakiwa kurudisha fedha.

Ndugu zangu, sikuwachukia wale wazazi. Nilionana nao baadaye, ni watu wastaarabu, walilipa gharama zote na walilia. Waliogopa maneno ya ukoo, wakamfungisha yule dada kiapo cha kukaa kimya wakidhani wanamlinda na yeye asisemwe mtaani. Lakini kiapo kile ndicho kilichomfanya ajibu "hapana" mbele ya mganga aliyekuwa anataka kumsaidia. Bega kuuma, kizunguzungu, maumivu upande mmoja wa tumbo, matone ya damu: mganga akijua kuna mimba changa, hata ya majuma matano, atayaunganisha mambo hayo mara moja. Asipojua, ataona malaria, maana Dar es Salaam malaria ndiyo jibu la kwanza la kila homa.

Mwingine aliniuliza baada ya kisa hicho: je, mimba ya mrijani haiwezi kuhamishwa ikawekwa mahali pake? Haiwezi. Ikigunduliwa mapema, kabla mrija haujapasuka, wakati mwingine hutibiwa kwa sindano bila kisu. Ikichelewa ni kupasua. Katika hali zote mtoto hapatikani, na linalobaki kuokolewa ni uhai wa mama. Wazazi wakubali jambo hilo tangu mwanzo, kwa maandishi, kusiwe na mtu wa kupigiwa simu kuombwa ruhusa usiku wa manane.

Siri, basi, ndiyo ninayoipinga. Wapo humu wenzetu watakaosema wanapinga jambo lenyewe zima, na wana sababu zao. Kanisa Katoliki lilitoa msimamo wake dhidi ya kubebewa mimba mwaka 1987, na wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, walipokutana Amman mwaka 1986, nao walikataza. Sikuja kubishana na mashehe wala maaskofu. Kila mtu ashauriane na imani yake. Ninalosema ni kwamba linafanyika, na kwa kuwa linafanyika, kuna mwanamke mahali fulani usiku huu mwenye mimba changa ambayo hakuna mtu wa nyumba ile anayeijua.

Wala tusijidai kwamba kuzaliwa mtoto kwa niaba ya mwingine ni jambo geni kabisa katika nchi hii. Wanafunzi wenzetu kutoka Tarime wanaijua nyumba ntobhu ya Wakurya. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke kijana kwa mahari ya ng'ombe, na watoto atakaowazaa huhesabiwa wa nyumba ya yule mkubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui kuwa ndoa, kwani inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na wapo mabinti walioonewa sana katika desturi hiyo. Siisifu. Lakini angalau mimba ya nyumba ntobhu inajulikana. Mji mzima unaiona ikikua, na binti akishikwa na tumbo usiku hakuna anayeuliza "ya nani?" kabla ya kutafuta usafiri. Sisi wa mjini tumechukua jambo linalofanana na hilo tukaliweka katika chumba cha kupanga, mlango umefungwa.

Jiografia nayo haimsaidii. Vituo vya utaalamu huu viko upande wa kaskazini na mashariki ya jiji, ambako fedha ziko. Wanawake wanaokubali kubeba, kwa nilivyoona mimi, wengi wanaishi ambako kodi ya chumba ni nafuu: Mbagala, Chamazi, Yombo, Tandale, Mabibo. Kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Bunju ni kulikata jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini. Siku ya kipimo aweza kusafiri, sawa. Siku ya maumivu hawezi. Siku hiyo atakwenda zahanati ya karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Temeke kama yuko upande huo, au Mwananyamala kama yuko Kinondoni. Kwa hiyo watu wa huko ndio wanaopaswa kumjua mapema.

Ushauri niliowapa wenzetu wale wawili ni huu, nao ni wa mtu wa majalada. Kadi ya kliniki ya wajawazito ikatwe mapema karibu na anapolala mbebaji, siyo karibu na wanapolala wazazi. Mkunga aambiwe ukweli: siku ya kupandikizwa, dawa anazotumia, jina la daktari wake. Wakunga wetu wanatunza siri nzito kuliko hiyo kila siku ya Mungu. Kadi na majibu ya vipimo akae navyo yeye mwenyewe, kwa sababu damu iliyopimwa ni yake. Nilisikitika kusikia kwamba mahali pengine majibu hupelekwa kwa wazazi kwanza, na mwenye tumbo akaambiwa "usijali". Awe na mtu mmoja wa kwake, dada au mume au rafiki, anayejua kila kitu na mwenye namba ya simu ya daktari. Nauli ya teksi ya dharura iwekwe mkononi mwake tangu siku ya kwanza, na isihesabiwe katika malipo. Na ajue kundi lake la damu: kama ni Rhesus hasi, amwambie daktari mapema, maana akitokwa na damu huenda akahitaji sindano ya kinga.

Kliniki hiyo pia itamfanyia yale inayomfanyia kila mjamzito: wingi wa damu, shinikizo, kaswende, Virusi vya Ukimwi, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na chandarua. Dawa ya SP ya kukinga malaria haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo akipata homa katika majuma hayo asijinunulie vidonge dukani. Apimwe.

Juu ya sheria nitasema kwa ufupi. Tanzania haina sheria iliyotungwa mahsusi kwa jambo hili, na katika uandikishaji wa vizazi anayeandikwa kuwa mama ni aliyezaa. Nairobi, mapacha waliozaliwa na mbeba mimba waliwahi kuchukuliwa na idara ya watoto wakapelekwa makao ya kulelea watoto, kwa sababu hospitali haikujua iandike jina la nani. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na mwaka 2014 Jaji David Majanja akaona haki zao zilivunjwa. Uganda nao walipeleka muswada bungeni. Anayetaka kuanza aone wakili kwanza, na mbebaji awe na wakili wake, asitumie wa wazazi.

Nimalizie na vijana mliosimama, ambao naona mmeanza kubadilisha miguu. Mtasema hili ni la watu wenye mamilioni. Haya. Mimba ile iliyonunuliwa kwa mamilioni huhesabiwa siku kwa siku: siku ya 9 damu, baada ya saa 48 damu tena, juma la 6 altrasaundi. Na mimba ya bure, ya mke wako kesho kutwa? Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba ni kama asilimia 24 tu ya wajawazito walioanza kliniki kabla ya mwezi wa nne. Shirika la Afya Duniani linataka mara ya kwanza iwe ndani ya majuma 12, na jumla ya mahudhurio yawe 8. Nilipokuwa Temeke nilisoma madaftari ambamo ukurasa mzima, jina la kwanza hadi la mwisho, ni mwezi wa tano na wa sita. Mimba ya mrijani haisubiri mwezi wa tano. Yule mke wa mwenzetu aliyeondolewa kizazi naye alianza kliniki mwezi wa sita, na upungufu wake wa damu ulijulikana wakati umebaki mfupi wa kuutibu. Mumewe yumo humu ukumbini na ameniruhusu kulisema hilo.

Nchi imepiga hatua. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya ule wa 2015–16. Wakunga wamefanya kazi yao. Kwa upande wetu wanaume, sehemu kubwa ni kujua kwamba mkeo amepitiliza siku zake, na kumpeleka juma hilo hilo, badala ya kungoja mimba "ijionyeshe".

Ndugu Mwenyekiti, jambo la mwisho ni la Chama. Mfuko wetu wa kusaidiana unagharamia msiba, harusi na ada za yatima. Napendekeza uongezewe kifungu cha usafiri wa dharura wa mjamzito, wa mwanachama au wa yule anayembebea mwanachama, utolewe usiku huo huo kwa simu moja ya Mweka Hazina, na maswali yaulizwe asubuhi. Nimekiandika kifungu chenyewe, kiko kwa Katibu. Pamoja nacho kuna nakala 60 za kalenda ya tarehe nilizozitaja, mtu ajaze siku yake ya kuanzia. Wenye maswali wasiyotaka kuyauliza mbele za watu watanikuta chini ya mwembe wa bwenini mpaka saa kumi.